Habari Ina Wabebaji Wengi, Mwenyewe Nani?

Hoja iliyo mezani ni hii: mitandao imemaliza kazi ya mhariri. Wapo wanaoitamka kwa shangwe na wapo wanaoitamka kama tangazo la msiba. Ili isiishie kuwa maneno ya barazani, nimeigawia sauti nne. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mtu halisi. Kila sauti nimeikusanya kutoka kwa wengi wa aina yake.

MHARIRI alikaa miaka mingi kwenye gazeti la kila siku jijini Dar es Salaam, sasa amestaafu. KIJANA anaendesha ukurasa wa habari na televisheni ya mtandaoni. Mtaji wake ni simu mbili, kipaza sauti na bando. RIPOTA ni mwandishi wa mkoani Kagera, analipwa kwa kila habari inayotoka. MAMA ADMINI si mwanahabari. Anasimamia kundi la WhatsApp la watu wa mtaa wake Bukoba, na siku hizi huko ndiko habari hufika kwanza.

Nimewapa kisa kimoja cha kuanzia wasije wakakimbilia nadharia: ajali ya ndege ya Precision Air katika Ziwa Victoria, Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022.

Aliyeona na aliyehakiki

KIJANA: Kwa heshima zote, Mzee wangu, tuseme ukweli. Ndege ile ilitoka Dar na watu 43, ikaangukia ziwani asubuhi, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Kabla ya vituo vikubwa kukatiza vipindi vyao, sisi tulishauona mkia wake umechomoza majini, mitumbwi ya wavuvi imeuzunguka, watu wamejazana ufukweni wanavuta kamba. Waliorekodi ni watu waliokuwapo na simu zao mkononi. Gazeti lako lingetoka Jumatatu.

MHARIRI: Sikatai, mwanangu. Mlituonyesha, na mlituonyesha mapema. Lakini asubuhi ile ilitajwa idadi ya waliookolewa kuwa 26. Hesabu ya mwisho ikawa manusura 24 na marehemu 19. Pungufu ya watu wawili kwako ni tarakimu, kwa familia mbili ni msiba. Katika wote waliosambaza ile 26, wangapi walirudi kwa waliowatumia kuwaambia kwamba idadi imebadilika?

KIJANA: Ile 26 hatukuitunga sisi. Ilitoka kwa viongozi, na nyinyi mkaitangaza vilevile.

MHARIRI: Tuliitangaza, kisha tukaibadilisha palepale tulipoitangazia. Msikilizaji aliyekuwa na redio saa nne aliweza kuifungua tena saa kumi akasikia sauti ileile ikitoa hesabu mpya. Klipu yako ikishasambaa huna pa kuifuata.

RIPOTA: Samahani wakubwa, kuna kitu mnakiruka. Kijana mmoja mvuvi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kwenye ile ndege. Ndani ya siku mbili akawa shujaa wa taifa, akapewa shilingi milioni moja na kazi ya zimamoto. Simulizi iliyoenea ni kwamba yeye na wenzake ndio walioufungua mlango. Baadaye baadhi ya manusura wakasema mlango ulifunguliwa kutoka ndani na mhudumu wa ndege. Yule kijana hapungukiwi kitu, maana alijitosa majini akihatarisha maisha yake. Ila simulizi ya kwanza ilizunguka nchi nzima kwa sababu ni tamu na ni fupi. Ya pili ilihitaji mtu wa kushinda wodini, kumsikiliza mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo mtandao haiilipi. Na unisamehe Mzee, hata gazeti halikuwa likiilipa.

MHARIRI: Hilo la malipo tutalifikia.

RIPOTA: Tutalifikia, maana wenzangu huwa wanaombwa walisubiri.

MAMA ADMINI: Mimi niwaambie hali ya kundini kwangu siku ile. Hakuna aliyeuliza nani kafungua mlango. Watu waliuliza nani alikuwamo. Mmoja anasema shemeji yake alikuwa asafiri leo, mwingine anasema aliahirisha. Nikawaandikia: kila anayetaja jina aseme kwanza ameona kwa macho, ameongea na ndugu kwa simu, au ameletewa ujumbe. Wa tatu nikawa nafuta. Sijawahi kukanyaga chumba cha habari, lakini nadhani hiyo ndiyo kazi mnayoisema.

MHARIRI: Ndiyo yenyewe, Mama. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nalipwa mshahara.

KIJANA: Basi umeshakubali, Mzee. Kama Mama anaweza kuhariri, mhariri wa nini tena?

Aliyepanda kizimbani

MHARIRI: Wa kusimama pale habari inapoleta kesi. Kijana, unadhani cheo kile kilikuwa cha kusahihisha nukta na mikato? Januari 2008 Saed Kubenea wa MwanaHalisi alivamiwa ofisini kwake akamwagiwa tindikali, na Ndimara Tegambwage aliyekuwa naye akajeruhiwa. Mwaka 2017 gazeti hilohilo na Mawio yalifungiwa miezi 24 kila moja. Juni 2020 Tanzania Daima likanyang'anywa leseni. Wote hao walikuwa na jina, ofisi na mlango unaojulikana. Wewe ukurasa wako ukikuelemea unaufuta, unafungua mwingine.

KIJANA: Hapo umeteleza, Mzee. JamiiForums tangu 2006 imekuwa uwanja wa watu kutoa nyaraka na kuuliza maswali ambayo magazeti mengine yaliyaogopa. Wakati sakata la mkataba wa umeme wa Richmond linapamba moto, sakata lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, nchi ilikuwa ikilijadili pale usiku na mchana. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waasisi wake, alikamatwa. Kesi zikafunguliwa, kiini chake ni kwamba polisi walitaka taarifa za watumiaji naye hakuzitoa. Alikwenda mahakamani zaidi ya miaka mitatu. Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kosa moja la kuzuia upelelezi na kutozwa faini ya shilingi milioni tatu. Huyo hakufuta ukurasa akakimbia. Alimlinda mtoa habari kama mhariri yeyote wa zamani, pengine kuliko wengi wao.

MHARIRI: Huyo nampa mkono. Ila angalia alichokifanya: aliandikisha kampuni, akaweka jina lake, akaajiri wasimamizi wa mijadala, akatafuta mawakili. Yaani alijenga chumba cha habari. Kilichobadilika ni mlango tu, kwa sababu wa kwake ulikuwa wazi kwa kila mtu.

KIJANA: Na mlango ndio ulikuwa ugomvi wetu nanyi! Mlango wenu mlikuwa mnamfungulia anayevaa tai.

RIPOTA: Mkishamaliza kupeana mikono, nitaje majina mawili. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo tarehe 2 Septemba 2012. Azory Gwanda alikuwa akiandikia Mwananchi kutoka Kibiti kuhusu mauaji yaliyokuwa yakitokea huko; alitoweka Novemba 2017 na hajarudi. Wote wawili walikuwa watu wa mikoani. Mzee anasema mhariri ndiye anayesimama kesi ikija. Huku kwetu kesi ikija inamkuta ripota kwenye pikipiki, hana bima, hana mkataba, na kitambulisho chake kimeisha muda kwa sababu makao makuu wamechelewa kumtumia kingine.

MAMA ADMINI: Kwa hiyo nyie mlikuwa mtandao tangu zamani.

RIPOTA: Mama umenena. Magazeti ya Dar yalijengwa juu ya watu waliotawanyika wilayani, kila mtu na simu yake na nauli yake. Mtandao haukuleta kazi ya kutawanyika, uliileta hadharani. Zamani nilikuwa natuma habari mbili kwa wiki, naomba zitoke, nakaa kusubiri. Sasa video hiyohiyo naweza kuiweka kwenye ukurasa wangu na mkuu wa wilaya akaiona kabla ya mhariri.

Nani analipa bando

KIJANA: Na hilo la malipo tuliseme sasa. Mzee, mlipokuwa mkitupigia kelele za maadili, ripota wenu alikuwa akienda kwenye semina kusubiri bahasha. Mshiko usipotoka, habari haiandikwi.

MHARIRI: Bahasha ilikuwapo, na aibu yake ni yetu. Na wewe, mwanangu, nani analipa bando lako?

KIJANA: Matangazo. Kampuni za kubeti, wasanii wanaotoa wimbo mpya, maduka ya nguo. YouTube nayo hutoa kidogo.

MHARIRI: Na mwanasiasa anayetaka mkutano wake uende laivu?

KIJANA: Naye analipa. Nauli na vifaa.

MHARIRI: Basi bahasha haijafa. Imehamia kwenye simu, inaingia kama muamala.

RIPOTA: Na hapo katikati kuna bosi mwingine ambaye nyote wawili hamumtaji. Mwaka 2018 Facebook ilipopanga upya mtiririko wake ili watu waone zaidi mambo ya ndugu na marafiki, vyombo vya habari duniani vilivyozoea kupata wasomaji pale viliwapoteza bila kuulizwa. Agosti 2023 huko Kanada kampuni mama, Meta, iliondoa habari zote kwenye Facebook na Instagram kwa sababu haikutaka kuvilipa vyombo vya habari kama sheria mpya ilivyodai. Kijana anasema hana mhariri. Anaye, na anakaa California. Huyo haulizi kama habari ni ya kweli. Anaangalia kama watu wamekaa wakaitazama.

KIJANA: Ni kweli nikiweka kikao cha bajeti ya halmashauri naangaliwa na watu wachache. Nikiweka ugomvi wa wasanii, usiku mmoja tu wanajaa. Sasa nifanyeje, nife njaa na bajeti?

MAMA ADMINI: Bajeti ya halmashauri ndiyo inayojenga daraja letu. Sisi hatujawahi kuiona popote, si kwako wala kwenye gazeti la Mzee.

Hapo pakawa na kimya cha watu wawili waliopatikana na kosa moja.

Anayeshika swichi

KIJANA: Tukubaliane basi kwa moja. Mtandao haufungiki. Kenya, tarehe 30 Januari 2018, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN zikijiandaa kuonyesha Raila Odinga akijiapisha. Watu wakahamia kwenye simu zao na kuitazama shughuli mtandaoni. Tarehe 25 Juni 2025 vijana wakiadhimisha mwaka mmoja wa maandamano ya Muswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano ikaviamuru vituo visitishe matangazo ya moja kwa moja, na baadhi vikazimwa. Vijana walikuwa wameshaingia laivu TikTok.

MHARIRI: Na siku ileile ya 2025, amri ya Mahakama Kuu ndiyo iliyoisimamisha ile ya Mamlaka. Vituo vilirudi hewani kwa sababu kuna Katiba na kuna taasisi zenye jina la kwenda kudai. Mtu mmoja na TikTok yake angedai nini, na kwa jina gani? Halafu usiseme haufungiki. Hapa kwetu X ilizuiwa Mei 2025. Septemba mwaka huohuo leseni ya JamiiForums ikasimamishwa siku 90. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kurasa zote za Kijana zilikuwa wapi?

KIJANA: Zilikuwa gizani. Na magazeti yako yaliandika nini siku zile?

MHARIRI: Swali lako ni la haki, na jibu lake halinipi raha.

RIPOTA: Tatizo la leseni ni kwamba zimetufundisha vibaya maana ya kuwajibika. Machi 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa alipe jumla ya shilingi milioni 2.1 ndipo asajiliwe. Wengi wakazima mitambo, hata JamiiForums ikasimama kwa muda Juni ile. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications nazo zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni. Sasa kila mhariri kabla ya kuchapisha anajiuliza: mamlaka itasema nini? Na kila mwenye ukurasa anajiuliza: watatazama wangapi? Msomaji akidanganywa, hakuna mahali katika hesabu hizo anapotokea.

MAMA ADMINI: Mimi nitatoa mfano wa Biharamulo. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg mkoani kwetu. Wizara ikakanusha, ikasema sampuli hazikukutwa na virusi. Tarehe 20 mwezi huohuo Rais mwenyewe akathibitisha ugonjwa upo. Sasa niambieni, zile siku za katikati admini afanye nini? Anayefuta ujumbe unaoonya anafuta jambo lililokuwa kweli. Anayeuacha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumwita msambazaji wa uongo. Na ndani ya kundi kuna mtu ana mgonjwa nyumbani, anataka kujua amshike au asimshike.

Kwa swali hilo hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, nami sikutaka kumtungia mmoja wao jibu lisilokuwapo.

Upande wangu

Nimewaacha waseme kwa muda mrefu kwa sababu kila mmoja ameshika sehemu ya jambo. Sasa niseme ninavyoliona.

Chumba cha habari cha zamani kilikuwa kimefunga pamoja kazi nne: kushuhudia, kuhakiki, kufikisha, na kuibeba dhamana ya kilichosemwa. Kwa kuwa zote zilikaa chini ya paa moja, tulidhani ni kazi moja. Mitandao imezitenganisha. Kushuhudia sasa ni kwa yeyote mwenye simu, na ni faida kubwa. Bila wale watu wa ufukweni Bukoba tungepokea maelezo ya viongozi peke yake. Kufikisha kumekuwa kwa Kijana, kwa Mama Admini, na kwa mashine za kampuni za mbali. Kuhakiki kumegawanyika, na si kwa ubaya wote. Mwaka 2018 kitengo cha BBC Africa Eye kilichunguza video ya wanajeshi wakiwaua kwa risasi wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Cameroon ilikuwa imekana kwamba tukio lile ni la kwake. Wachunguzi, wakisaidiana na watu wa mtandaoni waliojitolea, waliilinganisha safu ya milima iliyoonekana nyuma na picha za satelaiti wakafika kijiji cha Zelevet, kaskazini mwa Cameroon. Kwa vivuli wakakadiria ni wakati gani wa mwaka 2015. Waliojitolea pekee wasingefika huko, na BBC pekee nayo ingechelewa sana.

Kazi ya nne ndiyo haijapata wa kuirithi. Dhamana haina watazamaji wala hailetei mtu matangazo, na kwa sheria zetu imegeuzwa adhabu. Mwenye kuogopa kufungiwa hujifunza kunyamaza, hajifunzi kusahihisha. Hapa ndipo ninapotofautiana na Mhariri. Anaikumbuka dhamana ya gazeti kama kitu kamili, ilhali ilimfunika aliyekaa Dar na kumwacha wazi aliyekuwa Kibiti. Ninatofautiana na Kijana pia. Anauona uhuru wa kutokuwa na bosi, lakini mfano wake mwenyewe wa Melo unampinga: mtu yule ameheshimika kwa kuwa alikubali kuwa na jina na anwani pale ambapo wengine wangeyaficha.

Kinachohitajika hakingoji teknolojia mpya. Gazeti linalotumia habari ya mwandishi wa mkoani limpe mkataba na wakili, au likubali kwamba ni kituo cha kusambaza tu kama kurasa zingine. Ukurasa unaojiita chombo cha habari uweke jina la mwenye kujibu, na masahihisho yake yabandikwe juu kabisa, yakae muda uleule ambao uongo ulikaa. Serikali inayotaka watu wasieneze uvumi ianze kwa kutokanusha kabla haijawa na uhakika. Siku za Januari 2025 ziliharibu imani kwa kiasi ambacho klipu nyingi za mitaani zisingekifikia. Msomaji naye ana zamu yake. Swali la Mama Admini, umeona au umeletewa, halihitaji leseni ya mtu.

Kuhusu nani alipe, sina ushahidi kwamba matangazo ya kubeti au bahasha ya semina vitawahi kugharimia kushinda wodini. Redio za jamii zinazochangiwa na wasikilizaji wake, magazeti yanayouza usajili wa mtandaoni, na mifuko ya kusaidia habari za uchunguzi ni majaribio yanayoendelea. Yote yana udhaifu wake, lakini angalau yanamweka msomaji kwenye hesabu kama mtu anayedaiwa na anayedai.

Kwa hiyo hoja siipitishi kama ilivyoandikwa. Naileta tena mezani ikiwa na marekebisho: mitandao imemaliza ukiritimba wa mhariri, na kwa hilo wachache watalia. Kazi yake haijaisha. Imetawanyika mikononi mwa Ripota, Kijana na Mama Admini, ambao wanaifanya bila mshahara au bila ulinzi, na mjadala unaofuata uwe wa bei yake.